Namna tunavyoitunza na kuimaliza kostiki soda kwenye kikundi chetu cha sabuni

Hapa Kigoma mafuta hayatusumbui. Mawese yapo, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) ipo, na sabuni ya mche ina soko muda wote. Kinachoninyima usingizi tangu wenzangu wanikabidhi ufunguo wa stoo ni kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Wakati wa kukoroga kila mtu anajihadhari, maana mvuke anauona na joto analisikia. Hatari yenyewe inakuja baadaye, kwenye kile kilichobaki: nusu mfuko uliofungwa kwa kamba, mabaki ya maji ya kostiki kwenye ndoo, gunia tupu ambalo mtu analitamani kwa ajili ya mahindi. Kwa hiyo mipango yangu yote nimeijenga juu ya jambo moja: isibaki.

Nilianzia kwenye manunuzi. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 141 za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Mise inakula zaidi, kama gramu 176. Tunapunguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isichune mikono, kwa hiyo kilo ya mawese tunaipimia gramu 134. Mafuta yakishafika ndipo tunajua kostiki ya kununua. Gunia la kilo 25 linavutia kwa bei, lakini kwa kikundi kidogo bei hiyo ni ya uongo. Kostiki inavuta unyevu wa hewani, na hapohapo inavuta hewa ya ukaa na kugeuka polepole kuwa magadi soda. Msimu wa mvua gunia lililofunguliwa linatoa jasho, linagandamana, linapoteza nguvu. Ukilipima kwa kipimo kilekile sabuni inatoka laini, ina mafuta, na mteja hairudii.

Jaribu kuangalia chembe moja ya kostiki iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji. Mwanzoni ni kipande cheupe, kikavu. Ukirudi baadaye kimelowa kingo zake, kisha kipande hakipo, limebaki tone safi lisilo na rangi wala harufu. Mtu akipita pekupeku ataona ni maji. Ndiyo maana tunafagia kwa ufagio mkavu mara tu tunapomaliza kupima, na zile takataka zenye kostiki tunaziingiza kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji ya kukorogea. Hazitoki nje.

Vyombo navyo vina habari yake. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki inaitafuna aluminiamu huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Weka sufuria hiyo karibu na jiko uone balaa. Mabati yenye zinki nayo yanaliwa vilevile. Tunatumia ndoo nzito za plastiki zenye mfuniko wa kubana, na kupikia ni pipa la chuma. Ndoo zinakaa chini, juu ya mbao, kamwe si kwenye rafu ya juu, kwa sababu kitu kikianguka kutoka juu kinaishia usoni. Kabati lina kufuli. Salfoniki asidi ya wale wanaotengeneza sabuni ya maji inakaa chumba kingine kabisa. Asidi na kostiki zikikutana zinachemka na kurusha matone.

Sasa nifike kwenye chupa. Kuna watu wanayeyusha kostiki mapema na kuihifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa, eti kesho kazi iwe nyepesi. Nimelipigania hili kuliko kitu chochote, na kwenye kikundi chetu limepigwa marufuku bila mjadala. Mtoto akimeza funda moja koo linaungua, na hata akipona umio unaweza kufanya kovu na kuziba, ikawa chakula hakipiti. Tukiyeyusha, tunatumia siku hiyohiyo. Ikitokea mtu amemeza, hatapishwi wala hapewi limau. Anasukutua mdomo, anakimbizwa hospitali, na chombo chenye kemikali kinakwenda naye.

Kwenye ngozi ni maji tu. Binti mmoja anayejifunza kwetu aliniuliza, “Mama, si tuweke siki ili iue ukali?” Nikamwambia, “Maji, mwanangu, tena mengi.” Siki juu ya kostiki inaongeza joto palepale kwenye jeraha na kukupotezea muda. Kama ni chembe kavu, kung’uta kwanza, vua nguo iliyolowa, kisha mwaga maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho ni hivyohivyo, kope zikiwa zimefunguliwa, halafu hospitali. Ule utelezi unaousikia vidoleni usiufurahie: ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuka sabuni. Tunavaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kuziba pembeni, buti. Na siku zote kostiki inamwagwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka na kukurukia.

Mtihani wangu mkubwa ulikuwa bonge. Jirani aliyeacha kazi ya sabuni alituletea ndoo ya kostiki iliyoganda kama jiwe, kilo nne hivi. Mmoja wetu akashauri tuifukie nyuma ya choo. Nilikataa: kufukia si kumaliza, na visima vyetu haviko mbali. Kuvunja kwa nyundo nako nilikataa, vipande vinaruka machoni. Tulilitoa bonge na kuliteremsha taratibu kwenye pipa la plastiki lenye lita 40 za maji baridi, uwanjani, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali. Maji yalipata moto lakini hayakuchemka. Likayeyuka lenyewe.

Nguvu yake hatukuijua, kwa hiyo hatukuweza kupima kwa mizani. Tulipika mawese kwenye pipa la chuma na kuongeza yale maji kidogo kidogo hadi mafuta yalipoacha kuelea, tukaangalia kwa karatasi ya kupimia pH, yaani ukali uliobaki, kabla ya kukata. Ilitoka sabuni nzuri ya kufulia, yote.

Ingekuwa magunia, nisingethubutu. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 ipo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi za kanda. Shehena iliyoharibika unaifunga, unaiandika jina, unawapigia wao.

Yamebaki maji ya kusuuzia na magunia. Maji ya kusuuza ndoo ya kostiki tunayatumia kuyeyushia kostiki ya mpiko unaofuata siku hiyohiyo, tukiyahesabu kwenye kipimo. Gunia tupu linasuuzwa mara tatu kwa utaratibu huohuo, kisha nalichana kwa kisu kutoka mdomo hadi kitako kabla halijatoka stoo. Watu wananinung’unikia, maana gunia zima lina thamani. Nitaendelea kuyachana, kwa sababu likitoka zima kesho lina unga ndani.