Kifungo cha Shati

Karatasi ya miadi ilisema mgonjwa aje na mtu anayeishi naye. Nilidhani ni kwa ajili ya kunishika mkono nikizidiwa. Mke wangu naye alidhani hivyo hivyo, akaja na kitabu cha kusoma. Siku hizo tulikuwa hatuzungumzi sana. Njia nzima alitazama nje, nami nikawa nimeikumbatia bahasha yangu mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Mle ndani ya bahasha mlikuwa na kila kitu nilichokitegemea. Kulikuwa na picha ya CT ya siku niliyoanguka, majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo, kile wanachokiita EEG, na daftari nililoandika tarehe na saa za kila tukio nililoweza kulikumbuka. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Jambo lisilopimika hunisumbua, na jambo lililopimwa likakosekana hunisumbua zaidi.

Nilianguka kutoka ngazini nikibadilisha balbu. Nilipiga sakafu kwa upande wa kushoto wa kichwa, juu kidogo ya sikio, na waliokuwepo wanasema nilizimia kama dakika 10. Picha haikuonyesha damu iliyovujia ndani. Kichwa kiliuma wiki tatu, kikaacha, nikarudi kazini na watu wakasahau. Mimi pia nilisahau.

Mwezi wa saba ndipo ilipoanza. Kitu hupanda kutoka tumboni kuelekea kooni, kama pale gari linapoporomoka mteremko ghafla. Pamoja nacho huja harufu ya mpira unaoungua, ambayo hakuna mwingine anayeisikia, na uhakika wa ajabu kwamba dakika hii nilishawahi kuiishi. Halafu najikuta niko mbele ya ubao, chaki iko sakafuni, wanafunzi wamenyamaza na sentensi yangu imekatika katikati. Natafuta neno "mkondo", neno nililolifundisha miaka 14, na silipati. Linarudi baada ya robo saa, lenyewe, kama halikuwahi kuondoka.

Daktari wa kwanza aliniuliza maswali manne. Je, ninaanguka? Ninatetemeka mwili mzima? Ninajing'ata ulimi? Ninajikojolea? Yote nilijibu hapana. "Basi si kifafa," akasema, "ni mawazo." Akaandika dawa ya usingizi. Lile neno "basi" nimelifikiria sana tangu siku ile. Kifafa kinachomwangusha mtu na kumtetemesha ndicho tunachokijua sote, ndicho kinachokimbiza watu barabarani. Lakini kipo kinachoanzia pembe moja tu ya ubongo na kuishia hapo hapo, na mwenye nacho husimama wima, macho wazi, huku hayupo. Nilihitaji mtu wa kuniambia hivyo mapema. Badala yake nilitumia miezi nikijiuliza kama akili inanitoka.

Nikaomba kipimo mwenyewe. Nilijua habari za Hans Berger, Mjerumani aliyerekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na nililala kwenye kile kitanda kwa heshima. Waya zaidi ya 20 zilibandikwa kichwani kwa mafuta mazito. Nikaambiwa nifumbe macho, nifumbue, nivute na kutoa pumzi kwa nguvu dakika 3, kisha taa ikamwekamweka usoni. Yote hayo hayakufika nusu saa. Majibu yakaja na neno moja: kawaida.

Nilipaswa kufurahi. Nililia. Kama chombo hakikuona kitu, basi kilichobaki ni mimi, na sikujua namna ya kutibu mimi.

Sasa tulikuwa mbele ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliitazama picha ya CT, akasoma karatasi ya EEG, akafungua daftari langu kurasa mbili tatu, akavirudisha vyote kwenye bahasha. Kisha akageuza kiti chake kumwelekea mke wangu.

"Mama, wewe umeona nini?"

"Mimi? Sijaona kitu, daktari. Hajawahi kuanguka tena."

"Siulizi kuanguka. Kuna nyakati unamsemesha, hajibu?"

Mke wangu alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa ameweka kidole ndani ya kitabu asipoteze ukurasa, na nikaona anakitoa.

"Hizo zipo nyingi. Lakini hayo ni mambo yetu ya nyumbani."

"Niambie hayo hayo ya nyumbani."

Alianza akitazama sakafu. "Namwambia jambo, ananitazama. Ananitazama usoni kabisa, lakini kama anaangalia ukuta ulio nyuma yangu. Anameza mate, anameza tena, midomo inacheza kama anayeonja kitu. Mkono huu," akainua wa kwake wa kushoto, "unachezea kifungo cha shati, kile cha pili kutoka juu. Anakisokota. Namwita, haitiki. Halafu anageuka, ananiuliza jambo jingine kabisa, kama sikuwa nimesema lolote. Nilijua amenichoka."

"Na mkono wa kulia?"

Akafumba macho ili auone. "Umekunjika hivi. Mgumu. Akiwa ameshika kitu, kinamdondoka."

"Huchukua muda gani?"

"Nahesabu mpaka 60, wakati mwingine mpaka 80. Huwa nahesabu ili nisigombe."

Daktari aliandika. Aliuliza mara ngapi kwa mwezi, naye alijua: mara tatu, na mwezi uliopita tano. Aliuliza baada ya hapo nakuwaje, naye akasema nakuwa mzito wa maneno, kijiko nakiita "ile", naye alikuwa akidhani nafanya makusudi kumwonyesha kwamba sitaki kuongea.

Nilikuwa nikisikiliza habari za mtu nisiyemjua. Katika daftari langu lote, nililolitunza kwa tarehe na saa, hakukuwa na kifungo wala midomo. Kungekuwaje? Nilikuwa nikiandika kutoka upande ambao taa imezimwa. Nikainamisha macho kwenye shati nililovaa. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alikuwa amekishona, na vya mashati mengine pia, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini ni kile tu kinacholegea.

Daktari alitueleza taratibu. Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno. Mkono wa kulia kukakamaa, maneno kupotea baadaye, ile hali ya kupanda kutoka tumboni, harufu isiyokuwepo, vyote vilikuwa vinaelekeza mahali pamoja, karibu na sikio la kushoto, pale nilipopiga sakafu. Kovu dogo linaweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kabla halijaanza kuwasha moto.

"Lakini kipimo kilisema kawaida," nikasema. Nilikuwa bado nakitetea kipimo.

"Ukichungulia dirishani nusu saa usione mvua, utasema mvua hainyeshi?" Akaongeza kwamba zile waya zinasikiliza kutoka juu ya ngozi ya kichwa, na pembe zile za ndani ziko mbali nazo. Kipimo kikionyesha dalili, kinasaidia sana. Kisipoonyesha, hakijafuta kitu.

Swali langu jingine nilikuwa nimelibeba kwa muda. Je, ningepewa dawa ya kifafa siku ile ile niliyoanguka, haya yangetokea? Akatikisa kichwa. Alisema fenitoini, mojawapo ya dawa hizo, ilishajaribiwa kwa watu walioumia vibaya kichwani kuliko mimi. Inapunguza mashambulio ya wiki ya kwanza, lakini haizuii kifafa kinachokuja baadaye. Na kwa jeraha la kadiri yangu, kwa miaka mitano ya mwanzo, wanaopata kifafa hawafiki hata mmoja kati ya 100. Hakuna aliyezembea. Sikujua ni mzigo gani niliokuwa nimeubeba mpaka alipoutua.

Aliagiza picha ya MRI, na EEG nyingine nitakayofanyiwa baada ya kukesha usiku, kwa kuwa ubongo uliochoka hauwezi kuficha mambo yake kama uliolala vizuri. Lakini hakusubiri. Aliandika kabamazepini, dawa ya kifafa, kwa dozi ndogo ya kupandishwa polepole, akanionya nikiona vipele mwilini nirudi siku hiyo hiyo. Nisiendeshe gari. Nisipande ngazi. Nisifunge mlango wa bafu kwa ndani. Mke wangu akaambiwa asinishike kwa nguvu wala kunitikisa, aniondoe tu kwenye hatari na kunisemesha kwa upole. Na ikitokea siku nikaanguka na kutetemeka, anilaze ubavu, asinitie chochote mdomoni, aangalie saa, na zikipita dakika 5 aite msaada. (Wiki tatu baadaye EEG ya pili ilionyesha michomo ya umeme upande wa kushoto, na MRI ilionyesha kovu. Nilifurahi, ila nilikuwa nimeshaanza kumeza dawa kwa ushahidi mwingine.)

Tulipokuwa tunainuka, mke wangu aliuliza: "Daktari, mtu akiambiwa jambo wakati huo, analisikia?"

"Mara nyingi hakibaki kitu."

Hakusema zaidi mpaka tulipokaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa.

"Siku niliyopigiwa simu kwamba baba amezidiwa," akasema, "nilikuja kukwambia. Ulikuwa dirishani. Ukanitazama tu. Halafu ukaniuliza funguo ziko wapi."

Habari za mkwe wangu nilizipata kesho yake, kwa shemeji. Nami nilimwekea mke wangu kinyongo kwamba jambo zito kama lile nililisikia kwa mtu mwingine. Mzee alifariki wiki ile ile. Tulizika, tukarudi, na kila mmoja akaendelea na jeraha lake, mimi nikidhani sikuambiwa, yeye akidhani sikujali.

"Nilikuwa nachezea kifungo?" nikamuuliza.

Alifikiri. Nilimwona anavyojitahidi, anavyotaka kiwepo.

"Ulivaa fulana," akasema. "Siku ile hukuwa na shati."

Sina la kuweka hapo, na daktari yeyote hana. Inawezekana sikuwepo. Inawezekana nilikuwepo, nikawa tu mtu aliyekuwa anatafuta funguo.

"Niambie sasa," nikamwambia.

Akaweka kitabu pembeni, akaanza tangu simu ilipolia.