Kabla ya Kulegeza Taya

Gurudumu la injini ya mvuke ninayoiunda lilizunguka vizuri kwa robo tatu ya mzunguko, kisha likawa zito, kisha likalegea tena. Nililisukuma kwa kidole mara nyingi nikitumaini kwamba mafuta yangepenya na tatizo kuisha lenyewe, lakini uzito ule ulirudi pale pale, kila pistoni ilipokaribia kifuniko cha mbele, yaani kile ambacho ufito wa pistoni hupitia kwenda kwenye kranki, mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Nilipozilegeza nati nne za kifuniko hicho kwa robo ya mzunguko, uzito ulitoweka. Nilipozikaza, ulirudi. Hapo nikaelewa kwamba kosa halikuwa la mafuta wala la kranki: kifuniko kilikuwa kikiuvuta ufito upande, na kilifanya hivyo kwa sababu uso wa silinda kilioukalia ulikuwa umeinama kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Injini yenyewe ni ndogo, ya kulala, yenye silinda moja, na nimekuwa nikiiunda siku za Jumamosi katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries, ambako mwenye kerezo, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata, hunikodishia mashine yake kwa saa pindi wateja wa bushi na shafti wanapokwisha. Silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 22 na mwendo wa pistoni wa milimita 30. Vipimo hivyo sikuvibahatisha. Katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, imesimama injini ya garimoshi namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester kuanzia 1955 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 250 na ushei, nayo ilitembea juu ya reli zilizoachana kwa mita moja tu. Kila moja ya silinda zake nne ina kipenyo cha inchi 20.5 na mwendo wa inchi 28, na ukizigawanya namba hizo kwa 24 utapata vipimo vyangu, ukiongeza unywele mmoja au miwili. Ndoto ni kuiunda 5918 nzima. Nimeanza na silinda moja iliyofungwa juu ya bamba la chuma, kwa kuwa najijua.

Mtu anapopunguza kitu mara 24, si kila jambo hupungua pamoja nacho. Eneo la kuta za silinda hupungua mara 576, lakini ujazo wa mvuke uliomo ndani hupungua mara 13,824. Maana yake ni kwamba katika injini ndogo, kila tone la mvuke limezungukwa na chuma baridi kingi mara 24 kuliko katika ile kubwa, na sehemu yake hugeuka maji hata kabla ya kuisukuma pistoni. Ndiyo sababu silinda ndogo huhitaji kupashwa moto polepole kabla ya kazi, na ni lazima iwe na vijibomba vya kutolea maji, kwa kuwa maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta kwenye kona hulazimika kuvunja kitu. Kwa sababu kama hiyo ya udogo niliacha vali (milango ya kuingizia na kutolea mvuke) za umbo la pistoni zilizomo katika 5918, nikachagua vali bapa ya kuteleza, ambayo mvuke wenyewe huigandamiza mahali pake na haihitaji kubana kwa usahihi usiowezekana katika kipenyo cha kidole.

Chuma cha kusubu nilikipata katika soko la Gikomba kwa muuzaji wa vyuma vikuukuu, kipande cha mviringo kilichouzwa kwa kilo kama viazi. Hakuna malighafi inayofaa silinda kuliko hicho. Ndani yake mna chembe za grafiti zinazokifanya kijilainishe chenyewe, na kwa hiyo hukatwa kikavu, bila mafuta wala maji ya sabuni. Kasoro yake ni ngozi. Uso wa nje uliogusa mchanga wa kalibu ni mgumu mno, na fundi mwoga anayeukwaruza kidogo kidogo huishia kuua ncha ya kisu. Inabidi uingie kwa kina tangu mkato wa kwanza, ulipite gamba na kufika kwenye nyama. Vumbi lake ni jeusi, laini, na hutafuna chuma kama msasa, kwa hiyo mwenye mashine alinilazimisha kuyafunika mapito yote ya kerezo kwa magazeti kabla ya kuwasha. Nilirudi nyumbani nikiwa kama muuza makaa.

Kupanua tundu ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Kisu cha ndani kimeshikwa mwishoni mwa fimbo inayoingia ndani ya silinda, na fimbo hiyo hupinda hata ukiiona imara. Ukiongeza maradufu urefu uliojitokeza, kupinda kwake huongezeka mara nane. Yangu ilikuwa na unene wa milimita 12 na ilijitokeza milimita 55, kwa hiyo kila mkato uliacha nyuma chuma kidogo ambacho kisu kilikiruka kwa woga. Dawa yake ni kupita tena mara mbili bila kukisogeza kisu hata kidogo. Unasikia sauti ikibadilika kutoka mkwaruzo hadi mnong'ono, kisha kimya, na unga mweusi unaacha kudondoka.

Katika mpito wa mwisho, stima ikapotea. Kerezo lilisimama kisu kikiwa katikati ya tundu, na kikaacha mstari mwembamba kama alama ya pete kidoleni. Nilipokuwa nikisubiri gizani nilicheka, kwa sababu neno hilo tunalolalamikia kila wiki jijini lilianza kwa mvuke: stima ilikuwa meli ya mvuke kabla ya kuwa umeme. Mstari ule uliondoka kwa mkato mwingine mmoja, na tundu likaishia milimita 22.06. Tofauti hiyo haikuninyima usingizi, kwa maana pistoni ndiyo hukerezwa baadaye ili iifuate silinda. Tundu linatakiwa liwe duara, liwe na upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na liwe laini. Namba kamili ni jambo la mchoraji.

Kosa lilikuja dakika kumi baadaye, nikiwa nimechoka na saa za kukodi zikiyoyoma. Upande wa kwanza wa silinda niliusawazisha pamoja na tundu, kazi ikiwa haijatoka kwenye taya za kerezo zinazoishika, na upande huo hauna lawama hadi leo. Kisha nililegeza taya, nikaigeuza silinda, nikaikamata tena, nikausawazisha upande wa pili hadi urefu wa milimita 46. Uling'aa vizuri sana. Nilitoboa matundu manne ya skrubu kwa keekee, nikakata hesi, nikaenda nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumamosi iliyofuata, gurudumu lilipokuwa likikwama, nilimpelekea injini mzee mmoja anayekereza katika kibanda cha pili. Aliizungusha mara tatu, akavua miwani, akaichungulia silinda kuelekea kwenye mwanga wa mlango.

"Uligeuza kazi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nilimaliza upande mmoja, nikaigeuza ili nisawazishe wa pili."

"Ukaishika kwa taya hizi hizi tatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi kijana wangu, una silinda yenye nyuso mbili zisizojuana."

Alinieleza, akiendelea kufuta mikono, kwamba taya tatu za mashine iliyotumika miaka mingi haziishiki kazi mara mbili kwa namna moja. Kila ukizilegeza, mhimili wa kwanza umepotea, na unachokikata baada ya hapo kinaufuata mhimili mwingine. Chochote kinachopaswa kukubaliana na kingine sharti kikatwe kabla taya hazijalegezwa. Na ikiwa haiwezekani, basi sharti kishikwe kwa kile kinachopaswa kukubaliana nacho. Kwa silinda, kitu hicho ni tundu. Mimi niliishika kwa ngozi ya nje, ambayo haina undugu na tundu.

Kisha akanionyesha. Alikamata kipande cha alumini kwenye taya, akakikereza hadi kikakaribia milimita 22, akakipunguza kidogo mno kuelekea ncha, kiasi kwamba silinda iliingia kwa kusukumwa na kiganja na ikajishika yenyewe. Alumini hiyo haikuondolewa mahali ilipokerezwa, kwa hiyo mhimili wake ulikuwa ndio mhimili wa mashine, na sasa tundu langu nalo lilikuwa juu ya mhimili huo. Aliweka saa ya kupimia kwenye uso ule nilioujivunia, akauzungusha kwa mkono. Sindano ilitembea milimita 0.09 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kisha akawasha. Kisu kiligusa upande mmoja tu, tak, tak, tak, mara moja kwa kila mzunguko, kikachora hilali inayong'aa kwenye ukingo. Katika mkato wa pili hilali ilikuwa nusu mwezi. Katika wa tatu sauti iliungana ikawa moja, na uso wote ukawa wa rangi moja. Urefu wa silinda ulipungua kwa sehemu ya kumi ya milimita, nami nilikuwa nimeacha nafasi ya milimita nzima kila mwisho wa mwendo.

Nilivirudia vifuniko vyote viwili kwa kanuni hiyo. Tundu la ufito, mdomo unaoingia ndani ya silinda na uso unaogusana nayo, vyote hukatwa katika mkamato mmoja, hata kama kisu kinabidi kubadilishwa mara tatu na mkono unachoka. Pistoni nayo niliifunga kwanza kwenye ufito wake kwa hesi, ndipo nikaikereza kipenyo cha nje huku nimeushika ufito kwa bushi iliyopasuliwa, bushi niliyoitoboa ikiwa tayari ndani ya taya. Ufito huo ulitoka kwenye printa iliyokufa. Vyuma vinavyobeba kichwa cha wino katika mashine hizo vimenyooka na kulainishwa kuliko kitu chochote ninachoweza kukinunua kwa mita, na mafundi wa kompyuta hawana haja navyo.

Kranki ilinifundisha upande wa pili wa jambo hilo. Nilitumia jioni nzima nikihangaika ili pini yake ikae milimita 15 kamili kutoka katikati, na ilikuwa kazi bure, kwa kuwa kosa dogo hapo lingebadilisha mwendo wa pistoni tu na hakuna kitu kingelalamika. Ambacho kingelalamika ni pini isiyokuwa sambamba na shafti, na hilo sikulipima kabisa hadi siku ya mwisho. Nilikuta iko sawa, kwa bahati.

Kuhusu vali sina mengi. Njia za mvuke zina upana wa milimita 2. Nilitoboa matundu yaliyofuatana kama shanga, nikayaunganisha kwa tupa ya sindano, nikajikata. Uso wa vali niliusugua kwenye msasa laini uliolala juu ya kioo cha dirisha, mpaka alama za tupa zikaisha.

Boila, chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, bado sina, na sitaharakisha, maana chombo cha shinikizo hakisamehi kama silinda inavyosamehe. Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa la hewa. Niliibeba injini hadi kwa fundi wa pancha aliye kwenye kona ya barabara, tukalifunga bomba lake kwa klipu kwenye mlango wa mvuke, naye akaufungua mfereji kidogo tu. Ilipumua, ikatema mafuta kwenye suruali yangu, ikasita. Nililisukuma gurudumu kwa kidole. Safari hii halikukwama popote, likazidi kwenda hadi mikono ya gurudumu ikawa haionekani, na hewa ikawa ikivuja kwa filimbi nyembamba kwenye shingo ya ufito, mahali ambapo uzi wa grafiti unahitaji kukazwa nusu mzunguko.

Fundi wa pancha alichuchumaa akaitazama kwa muda mrefu.

"Inasaga nini?" akauliza.

Nilimlipa shilingi hamsini za hewa, nikamwomba afungue kidogo tena.