Niache ualimu au nibaki?

Hoteli wananitaka niijibu barua yao kabla mwezi haujaisha. Ni hoteli ya huku pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, si mbali na skuli ninayosomesha. Wanatafuta mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wao Kiingereza cha kazi: kumpokea mgeni, kusikiliza malalamiko, kuandika barua pepe, kusoma bili. Mshahara wao unaupita wa serikali kwa mbali, na gari ya wafanyakazi inanishusha karibu na nyumbani.

Shoga zangu wanashangaa nafikiria nini. "Watu wanaitafuta bahati, wewe imekufuata mwenyewe!" Ningekuwa nimeuchoka ualimu ningewaunga mkono. Sijauchoka. Kinachonichosha ni yanayouzunguka: madaftari ninayorudi nayo nyumbani nikasahihisha baada ya isha, maazimio ya kazi yanayoandikwa ili mkaguzi ayaone, mshahara unaoingia huku muuza duka keshajua sehemu yake. Skuli za ghorofa zimejengwa kisiwani miaka hii na nashukuru kuziona, ila darasani kwangu bado watoto wanabanana.

Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote hayo.

Juzi nilikuwa na fomu thrii, kipindi cha jiografia, mada ya kupwa na kujaa kwa maji. Sekondari tunasomesha kwa Kiingereza, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Nikachora jua, mwezi na dunia ubaoni, nikaeleza, nikauliza swali. Kimya. Wanaangalia madaftari, mmoja anachora pambizoni. Nikaiweka chaki chini, nikauliza kwa lugha yetu: bamvu, yale maji makubwa, linakuja lini? Msichana wa safu ya nyuma, mama yake mkulima wa mwani, akasimama bila kusita. "Mwezi ukishaandama, ticha, na ukishapevuka. Hapo maji yanakupwa mbali kabisa, saa nne saa tano asubuhi. Yakiwa maji mafu hayaendi mbali, mama anabaki nyumbani." Mwenzake akadakia kuwa kila siku maji yanachelewa kidogo kuliko jana. Darasa zima likawa linazungumza, wanasahihishana, wanabishana kuhusu upepo.

Yale waliyoyasema ndiyo yaliyomo kitabuni. Lakini kwenye mtihani wa Kiingereza msichana yule ataandika mistari miwili iliyovunjika, atapata alama ndogo, na yeye mwenyewe ataamini kuwa hana akili. Nimeona wengi wakiamini hivyo. Inanikata moyo kuliko mshahara.

Huyo huyo ndiye anayekosa skuli siku za bamvu. Pwani hii bamvu linakauka asubuhi, wakati wa masomo, na mama anahitaji mikono ya kufunga mbegu kwenye kamba. Simlaumu mama. Kilimo cha mwani kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na nyumba nyingi za huku zimejengwa, na watoto wamevishwa sare, kwa fedha za kina mama wa mwani. Sasa maji yamekuwa ya moto, ile aina yenye bei nzuri, kotonii, inakufa, na wamebaki na spinosumu ambayo bei yake ni ndogo. Kazi imebaki ile ile, kipato kimeshuka. Nimwambie nini mama huyo kuhusu mahudhurio?

Basi nilipokwenda hotelini kuonana nao, vijana waliokuwa wamekaa kwenye kile chumba cha mafunzo nikawajua. Mmoja anatandika vitanda, mwengine anabeba sahani, mwengine yuko bustanini. Niliwasomesha. Ndio wale wale waliokuwa kimya darasani, waliokwama njiani wakaondoka skuli. Wakanisalimia "Shikamoo ticha" kwa furaha, na mmoja akaniuliza, "Unakuja kutusomesha tena?" Tangu siku hiyo siwezi kusema kwa uhakika kuwa kwenda hotelini ni kuacha ualimu. Pale Kiingereza kitafundishwa kama lugha, polepole, kwa watu wanaokihitaji kesho asubuhi. Skuli nakitumia kama mlango ambao mtoto hana ufunguo wake.

Mama yangu haoni hivyo. Alikuwa mtoto mdogo elimu ilipotangazwa bure hapa Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, na ndiye wa kwanza nyumbani kwao kukaa kwenye dawati. Kwake mwalimu ni mtu mkubwa. "Mwanangu, kipya kinyemi ingawa kidonda," ananiambia, kisha ananikumbusha 2020, ndege zilipoacha kuja. Hoteli za ukanda huu zilifunga, wajomba zangu wakarudi nyumbani mikono mitupu, wakashuka baharini kuvua. Skuli nazo zilifungwa, lakini mshahara wangu uliingia, na kwa mshahara huo tulikula sote. Hilo sina la kumjibu. Hata mwaka wa kawaida, masika ya Aprili na Mei hoteli zinapunguza watu.

Mume wangu ana lake, nami nalifikiria pia: hoteli inauza pombe, na riziki tunayotaka kuwalisha watoto tunataka iwe safi. Kazi yangu itakuwa chumbani na wanafunzi, baa iko upande wa pili. Tumekubaliana aulize kwa mtu mwenye elimu ya dini kabla sijatia saini chochote. Maneno ya mtaani kuhusu wanawake wa hotelini hayanisumbui. Jibu la suali hili nalitaka.

Nilipofikia ni hapa. Sitaacha kazi moja kwa moja. Naandika barua ya kuomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja, na nitaondoka baada ya mtihani wa fomu foo wa Novemba, kwa sababu darasa lile nimelianza mimi. Hotelini nitaomba mkataba unaolipa na miezi ya masika, nitoke mapema mwezi wa Ramadhani, na nibakiwe na alasiri mbili kwa wiki. Hizo ni za yule msichana na wenzake, tutakaa barazani kwangu tusome jiografia, kwanza kwa Kiswahili mpaka waielewe, ndipo tuifuate kwa Kiingereza cha mtihani. Hoteli wakiikataa hiyo ya alasiri, nitabaki skuli. Serikalini wakikataa likizo, nitabaki vilevile, na nimeshamwambia mama.