Usiniwekee sparadra

Chupa ya uzazi ilipasuka saa tisa usiku, mvua ikinyesha Kadutu. Mume wangu alitaka kukimbilia pikipiki, nikakataa. Kwa mashimo ya Bukavu, kile kiti kingenichuna mapaja kabla hatujafika. Tukateremka kilima kwa miguu hadi tukapata gari. Uchungu ukija nasimama, ukipita naendelea.

Nimezaliwa na epidemolisisi bulosa. Nyumbani tuliiita tu ngozi ya baba, kwa sababu nimeirithi kwake. Kolajeni, protini inayoshikiza ngozi ya juu na ya chini, kwetu ni dhaifu, kwa hiyo msuguano mdogo tu unainua lengelenge. Haiambukizi, ingawa kuna watu hawajawahi kunishika mkono. Mimba ikiwa ya miezi mitano, daktari aliniambia kwamba kwa aina yetu kila mtoto ni nusu kwa nusu: huenda akarithi, huenda asirithi. Nililala na kuamka na neno hilo miezi minne.

Hospitalini nilianza kusema nikiwa bado mlangoni: “Tafadhali, usiniwekee sparadra,” ile plasta ya kunata. Muuguzi alikuwa peke yake na akina mama wengi. Akatundika serumu, akabandika sparadra kama kwa kila mtu. Alipoibandua arekebishe sindano, ngozi ilitoka nayo, upana wa vidole viwili, chini pakabaki pekundu panametameta. Nikalia kwa sauti. Uchungu wa mtoto ulikuwa haujaniliza bado.

Mkunga mmoja mtu mzima akaja, akatazama mkono, akavuta kiti. “Mwanangu, niambie wewe tufanye namna gani.”

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri maisha yangu yote. Nikamwambia. Sindano ikafungwa kwa bendeji. Chini ya kipimo cha presha akazungusha pamba. Glavu akazipaka vazelini kabla ya kunigusa. Walipotaka kunisogeza kitandani, akawazuia: “Msimburute, mnyanyueni na kitenge.” Nilizaa kwa njia ya kawaida, alfajiri, mtoto wa kike.

Hawakumsugua kumkausha, walimgusagusa tu kwa kitambaa laini. Kitovu kilifungwa kwa uzi badala ya kibanio cha plastiki. Nikaomba taa isogezwe, nikamkagua vidole, magoti, visigino. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kulikuwa na lengelenge moja, dogo kama punje ya haragi.

Nikaomba sindano safi. Lengelenge likiachwa linatambaa. Nikalitoboa pembeni, maji yakatoka, ngozi yake nikaiacha ifunike kidonda, kama baba alivyonifanyia kila jioni kabla ya kulala. Mtoto alikunja mguu, hakulia.

Asubuhi mama mkwe akaingia na uji, mikono tayari imenyooka kumpokea mjukuu.

“Mama, subiri kidogo. Usimshike kwapani. Mkono mmoja chini ya matako, mwingine chini ya shingo.”

Akairudisha mikono. Akavua bangili zake moja moja, akaziweka mezani, ndipo akainama.