Cusco: kitanda cha bei poa, shali kwa bei yake

Wanaoniuliza Cusco, Peru, walale wapi kwa hela kidogo nawajibu San Blas, ila waulize kwanza ngazi ziko ngapi. Mji wenyewe uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtaa huo umeukwea mlima juu ya Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji. Kadiri unavyopanda ndivyo bei ya chumba inavyoshuka, na ndivyo pumzi inavyokuishia. Usiku wa kwanza lala chini, karibu na soko la San Pedro, unywe chai ya koka. Utahamia juu kifua kikishazoea.

Usilipe chumba kabla hujafungua bomba la maji moto ukasubiri. Mwenye gesti atakuapia kwamba yapo usiku na mchana. Wewe weka mkono. Bafu nyingi za bei ya chini zinapasha maji kwa umeme palepale juu ya kichwa chako: ukifungulia mengi yanatoka baridi, ukiyabana yanapata moto. Juni na Julai usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo omba blanketi la ziada mapema, kabla wageni wenzako hawajayamaliza. Karibu na tarehe 24 Juni, sikukuu ya Inti Raymi, hata vyumba vibovu hujaa. Na usiache pasipoti begini: mgeni asiye mkazi wa Peru husamehewa kodi ya asilimia 18 kwenye malazi, mradi hoteli imesajiliwa kwa utaratibu huo.

Hizo soli, hela ya Peru, ulizobana kitandani, mimi nasema zipeleke kwenye nguo.

Barabara ya El Sol ina soko kubwa la kazi za mikono, Centro Artesanal. Ukitazama vibanda vitatu umeona thelathini: sweta zilezile, lama walewale kifuani. Nyingi ni akriliki ya kiwandani, hata zikiitwa sufu ya alpaka, mnyama wa jamii ya lama. Kofia ya kuchezea nunua hapo, na bei upatane bila haya. Shali ya maisha usinunue.

Barabara hiyohiyo kuna Centro de Textiles Tradicionales, kituo cha wafumaji kilichoanzishwa 1996. Wanawake hukaa sakafuni, kitanda cha mfumi, yaani cha kufumia nguo, kimefungwa kiunoni, na wanafuma mbele yako. Bei haipunguzwi, na baada ya kutazama mkanda mmoja ukikua kwa upana wa kidole tu, nilikosa uso wa kuomba ipunguzwe.

Ukiwa na nafasi, panda gari la abiria uende Chinchero, kijiji cha wafumaji nje ya mji. Mama mmoja pale alichukua mdudu mkavu anayeishi kwenye mpungate, akamponda kiganjani. Kiganja kikawa chekundu kama damu. Akakamulia ndimu, na wekundu ukageuka rangi ya chungwa hapohapo. Bibi mmoja mtalii akauliza kama inatoka kwa sabuni. Mama akacheka tu, akatuonyesha sufu aliyoifua kwa mzizi uitwao saqta, nyeupe pe.

Nenda Jumapili, siku ya gulio, na ubebe noti ndogondogo. Soli 100 hapo asubuhi hakuna wa kukupa chenji, na atakayeipata ataizungukia kwa majirani wanne wakati gari lako linapiga honi.