Root akikataliwa, soma namba ya kosa kwanza

Nikiitwa kwa sababu MySQL (programu ya hifadhidata) imemkatalia root, yaani akaunti kuu ya msimamizi, mara nyingi namkuta mwenyewe keshaanza kubadili nenosiri. Huwa namwomba aache kwanza, anisomee ujumbe wa kosa neno kwa neno, pamoja na namba yake. Namba hiyo inapunguza kazi kuliko chochote kingine ninachokijua.

Ikiwa ni 2002, nenosiri halihusiki. Hujafika hata mlangoni: seva haijawaka, au faili la soketi (njia ambayo programu za kompyuta hiyo hiyo huongea na seva) halipo pale linapotafutwa. Soma logi (kumbukumbu za seva), na utazame `df -h`, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, maana diski ikijaa seva inaweza kugoma kuwaka.

1045 ina maana seva iko hai na imekukataa. Tazama mwisho wa mstari. Ukiona `using password: NO`, hakuna nenosiri lililotumwa, pengine `-p`, alama ya kuomba nenosiri, imesahaulika. Ikiwa `YES`, limetumwa lakini halikukubaliwa kwa akaunti hiyo. Hapa wengi hupotea: kwa MySQL, akaunti ni jina pamoja na mahali unakotokea. `'root'@'localhost'` (kompyuta hiyo hiyo) na `'root'@'%'` (mahali popote) ni akaunti mbili, kila moja na nenosiri lake.

Kisha kuna 1698, inayowasumbua sana watumiaji wa Ubuntu. Huko root huthibitishwa kwa `auth_socket`: seva haijali nenosiri, inauliza mfumo wa kompyuta wewe ni nani. Andika `sudo mysql` (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta), utaingia. Utaratibu huu ni mzuri, na huniuma kuona watu wakiung'oa ili tu phpMyAdmin, programu ya kusimamia MySQL kwenye kivinjari, iingie kwa root. Ingia kwa sudo, tengeneza akaunti nyingine ya usimamizi, root muache alivyo.

Nenosiri likiwa limepotea kweli, simamisha seva, uiwashe kwa `--skip-grant-tables`, yaani bila kukagua ruhusa. Muda huo anayeifikia haulizwi chochote, kwa hiyo ongeza `--skip-networking` ili kufunga mtandao. MySQL 8.0 hujifungia mtandao yenyewe, matoleo ya zamani hayafanyi hivyo. Ukiingia, anza na `FLUSH PRIVILEGES;`, inayopakia upya ruhusa, la sivyo amri inayofuata itakataliwa:

`ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri_jipya';`

Zima, uwashe kawaida. Kama ulikuwa umeandika `skip-grant-tables` ndani ya `my.cnf`, faili la mipangilio ya MySQL, futa mstari huo kabla ya kuwasha, kisha jaribu kuingia kwa nenosiri la uongo. Ukikubaliwa, seva bado iko wazi.