Safu ya Sababu

Kaunta buku la wachelewaji lilikuwa na safu tano: tarehe, jina, darasa, saa aliyofika, sababu. Nilizipiga mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu mwanzoni mwa Julai 1994, siku niliyokabidhiwa kazi ya kukaa getini, nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi hapa Tanga. Ile safu ya mwisho sikuwahi kuiandika kitu. Hakuna aliyeniambia niijaze, na mwalimu wa zamu alipolifungua alisoma majina tu.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Ikigongwa saa 12 na nusu ni usafi, kila mtu na fagio lake la chelewa na kidumu cha maji. Ikigongwa saa 1 na robo ni paredi. Aliyeingia baada ya hapo nilimwandika. Alipiga magoti mbele ya ofisi mpaka paredi iishe, akala fimbo mbili za mkononi, akapewa fyekeo akafyeke nyasi za uwanjani. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwandiko wangu unasifiwa, na kuliandika jina la mtu kulinipa uzito ambao sikuwa nao mahali pengine popote, hata nyumbani.

Kuna jina moja nililiandika mpaka mkono ukalizoea. Sitalitaja hapa. Darasani tulimwita Kolekole, jina la samaki, kwa kuwa alitoka Sahare kwa wavuvi, na asubuhi nyingine alikuja ananuka shombo. Alikaa dawati la nyuma kabisa, dirishani. Watoto waliopangwa naye walihama mmoja mmoja. Mimi nilihama mwezi Februari, nikamdanganya mwalimu wa darasa kwamba nikiwa kule nyuma sioni ubao.

Hakujitetea hata siku moja. Alifika akihema, akasimama mbele yangu, magamba mawili matatu ya samaki yamemgandia kwenye kigimbi, yamekauka, jua likiyapiga yanang'aa. Alinitajia jina na darasa lake kama kwamba simjui, kisha akaenda mwenyewe kupiga magoti.

Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa Msambaa wa Lushoto, mgeni pale shuleni, mwanamke wa sauti ya chini ambaye ukitaka kumsikia ilibidi unyamaze. Jumatatu ya tarehe 22 Agosti tulikuwa kwenye mada ya takwimu. Hakutaka tuchore grafu ya machungwa na maembe ya kwenye kitabu. Akauliza nani ana orodha ya kitu chochote cha kweli, chenye tarehe. Nikanyoosha kidole, nikaenda kuleta kaunta buku langu.

Tukachora ubaoni. Tarehe zikalala chini, na kila mchelewaji akawa mraba mmoja unaopandishwa juu ya tarehe yake. Mimi nilisoma, wenzangu wakapokezana chaki. Jumatatu zikarefuka haraka, na hilo halikumshangaza mtu. Mwalimu akasema wale waliojirudia mara nyingi tuwape rangi. Kolekole akapewa chaki ya bluu.

Miraba ya bluu ikasimama hivi: tarehe 4, 5 na 6 Julai. Halafu hakuna. Tarehe 18, 19 na 20 Julai. Halafu hakuna. Tarehe 2, 3 na 4 Agosti. Hakuna. Tarehe 16, 17 na 18 Agosti, wiki iliyokuwa imepita. Mitatu mitatu, na katikati peupe. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha, akautazama ubao kwa muda mrefu, kisha akamwita Kolekole kwa jina lake halisi.

"Siku hizi unakuwa wapi?"

Kolekole akasimama, akainamisha kichwa. Mwalimu akangoja. Nadhani ni mara ya kwanza kumwona mwalimu akingoja jibu la mtoto bila kushika fimbo.

"Tunatoa samaki kwenye wando, mwalimu."

"Wando ndiyo nini?"

Kicheko kilikatika hapo. Mwalimu alikuwa amesema mbele ya watoto zaidi ya 60 kwamba kuna kitu hakijui, na anayekijua ni yule wa nyuma. Kolekole akaeleza, kwanza akiiangalia sakafu, baadaye mikono ikaanza kumsaidia. Wando ni uzio wa fito uliosimikwa baharini, umefungwa kwa kamba za katani. Una mabawa mawili yanayowaongoza samaki mpaka ndani. Maji yakijaa wanaingia, yakipwa wanabaki. Ukichelewa, yangeyange wanawadonoa, na maji yakirudi wengine wanatoroka. Baba yake alikuwa ameenda dago, kambi ya wavuvi, kule Pangani. Babu alibaki peke yake, na macho ya babu yalikuwa hayaoni vizuri gizani.

"Sasa mbona siku nyingine unawahi?"

"Maji hayapwi saa moja kila siku, mwalimu. Yakipwa usiku tunashuka usiku, tukirudi kengele bado. Yakipwa saa 3 na kuendelea, babu ananifukuza nije shule, anashuka na jirani. Yakipwa saa 12, saa 1, saa 2, ndiyo nachelewa."

"Na kila siku yanasogea kwa muda gani?"

Akafikiri. "Kipindi kimoja na kidogo."

Kipindi chetu kilikuwa dakika 40. Mwalimu akatabasamu, akasema chuoni alifundishwa kuwa ni kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao kila siku unachelewa kiasi hicho kufika pale ulipokuwa jana, na mwezi ndio unaoyavuta maji. Akaandika: saa 24 na dakika 50. Ndani ya muda huo bahari inakupwa mara mbili. Tukagawa kwa mbili tukapata saa 12 na dakika 25. Akatuambia tuzifanye dakika tupu: 12 mara 60, ongeza 25, ikawa 745. Halafu: kama kila siku maji yanachelewa dakika 50, yatachukua siku ngapi kusogea dakika 745, mpaka kupwa kwa usiku kushike mahali pa kupwa kwa asubuhi?

Tulikuwa tumegawanya namba tangu darasa la tatu. Ila hapo nilisikia penseli zikikwaruza kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia. Jibu lilikuwa 14, baki 45.

Mwalimu akaenda ubaoni akahesabu kwa kidole. Kutoka tarehe 4 Julai mpaka 18, siku 14. Kutoka 18 Julai mpaka 2 Agosti, siku 15. Kutoka 2 mpaka 16 Agosti, siku 14. Baki yetu ile ya 45 ilikuwa ikijikusanya mpaka inakuwa siku nzima.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikuweza. Ubao mzima ulikuwa umetoka kwenye mwandiko wangu. Miraba ya bluu ilikuwa 12, na kila mraba fimbo mbili. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe kichwani, hakuna aliyenipa.

Mwalimu akauliza mara ijayo itakuwa lini. Tukajibu kwa pamoja: tarehe 16 ongeza 15, ni tarehe 31, Jumatano. Kolekole akanyoosha kidole. Nilikuwa sijawahi kumwona akinyoosha kidole.

"Jumatano nitawahi, mwalimu. Jumatano babu akishaswali alfajiri tunashuka tunamaliza. Nitachelewa Alhamisi."

Sisi tukapinga. Hesabu ilikuwa ubaoni. Yeye akageuza uso dirishani. Mwezi ulikuwa umepevuka Jumapili, ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, na muda ule karibu na mapumziko bahari ilikuwa imekimbia mbali mno, imeacha tope jeusi na vidimbwi. Akasema bamvua likipita yanakuja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, na kwenye maji mafu bahari haisogei sawasawa na siku nyingine. Siku hizo babu anahesabu usiku wa mwezi, hahesabu tarehe. Mwalimu akaandika pembeni mwa ubao: Sisi, Jumatano. Yeye, Alhamisi. Akakataza pasifutwe.

Jumatano ya tarehe 31 nilifika getini kabla ya kengele ya usafi. Kolekole alikuwa ameshafika, anafagia chini ya mwarobaini, nywele zimelowa.

Jioni ile mwalimu alikuja kwetu kwa baiskeli, akapiga hodi, akamwomba mama aniruhusu kutoka alfajiri. Alipita kwa wazazi wa watoto wengine wanne pia. Alhamisi saa 11 kasorobo tulikutana getini, tukashuka Sahare na tochi moja. Upepo wa kusi ulikuwa unapuliza na baridi yake. Kwenye mikoko palinuka tope na chumvi. Babu yake Kolekole alikuwa amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba wanangu mmoja mmoja, hakumruka mtu. Mwalimu naye alipomwamkia, alimpa tenga amshikie. Mwalimu akalipokea, akavua viatu.

Sare ya Kolekole ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imetundikwa kwenye tawi la mkoko. Yeye alivaa msuli aliokuwa ameufunga juu ya magoti. Ndiye aliyetangulia.

"Burureni miguu. Msinyanyue. Samaki taa wanajilaza kwenye tope, mkiwakanyaga watawachoma."

Tukaburura, mwalimu nyuma yake, sisi nyuma ya mwalimu, hakuna aliyebisha. Mtoto niliyezoea kumwona amepiga magoti alikuwa anatuambia pa kuweka mguu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima.

Mwalimu alikuwa amekuja na ufito aliouchora alama kila sentimita 10. Akausimika kando ya wando, akashika saa yake karibu na tochi. Mimi niliandika. Saa 12 na dakika 5, maji yanashuka. Dakika 10, yanashuka. Dakika 15, ni kama yanashuka. Dakika 20, hatukuelewana. Mmoja anasema yameshuka, mwingine anasema yamepanda, kwa kuwa viwimbi vilikuwa vinaupiga ufito na kuuacha. Kolekole hakuutazama ufito. Alichuma jani la mkoko akaliweka juu ya maji mbele ya goti lake. Jani likaenda taratibu kuelekea baharini. Alilifuata kwa macho. Likapunguza mwendo, likajizungusha mara moja, likatulia.

"Yamesimama," akasema.

Mwalimu akamulika saa: 12 na dakika 25. Tukabaki kimya kulitazama jani lile. Kulikuwa kunapambazuka na sasa tuliliona bila tochi. Likakaa, likakaa, kisha likaanza kurudi kwetu.

Baada ya hapo ikawa kazi. Babu na mjukuu waliingia ndani ya wando, sisi tukapokea. Walitoka tasi wengi, changu, na mkizi mmoja aliyejirusha mpaka kifuani kwa mwalimu. Ninaandika haya kwa furaha lakini roho haijatulia, maana mwaka uliofuata tulifanya mtihani wa darasa la saba, mimi nikachaguliwa kuendelea na sekondari, Kolekole hakuchaguliwa. Nafasi zilikuwa chache sana miaka ile. Karatasi nzima haikuwa na swali ambalo jani la mkoko lingelijibu, na kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, kwa sababu kila baada ya wiki mbili alipoteza saa za asubuhi akifyeka nyasi. Zile fimbo angeweza kuzisahau. Vipindi vile vya Kiswahili alivyovikosa akiwa na fyekeo mkononi, hakuna aliyemrudishia.

Tulifika shuleni saa 2 na dakika 10. Paredi ilikuwa imekwisha. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama getini na fimbo yake, na kaunta buku langu lilikuwa juu ya kiti nilichokalia siku zote. Mwalimu wetu akamsalimia mwenzake, akasimama kando yangu, viatu bado mkononi, sketi imelowa mpaka magotini, gamba moja limemnata shingoni. Hakusema zaidi.

Nikaketi, nikafungua. Nikaandika tarehe 1 Septemba. Nikaandika jina la Kolekole, lile halisi, nikaandika ya wale wanne, nikaandika langu mwisho. Darasa la sita, sita, sita. Saa 2 na dakika 10, mara sita. Kalamu ikafika kwenye safu ya mwisho, iliyokuwa tupu tangu ukurasa wa kwanza. Nikaandika: Maji yalikupwa saa 12 na dakika 25.

Nikamgeuzia Kolekole aangalie kama nimekosea. Aliinama, akasoma polepole, kidole kikifuata neno kwa neno. Kilikuwa bado na maji ya bahari, na kilipopita, mstari mwekundu niliokuwa nimeupiga kwa rula ukachuruzika kidogo hadi kwenye jina langu.